Kilo Ngapi za Kahawa kwa Bati Moja

Babu yangu mzaa baba aliacha daftari moja la jalada gumu, ambalo baba amelitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika na vyeti vya ubatizo vya wanawe. Nililisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi, wakati wa likizo niliyoitumia nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, na tangu siku hiyo nimelirudia mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kukisoma darasani. Upande wa kushoto babu aliandika kilo za kahawa alizopeleka chamani na fedha alizopokea: malipo ya kwanza, malipo ya pili, na mwaka ulipokuwa mwema, majaliwa, yaani nyongeza ya mwisho. Upande wa kulia aliandika vitu alivyonunua: bati za kuezekea, mafuta ya taa, jembe, dawa ya kunyunyizia mibuni, karo ya shule. Kilichonishangaza ni kwamba mbele ya kila kitu kikubwa aliandika bei mara mbili, kwanza kwa shilingi, kisha kwa kilo za kahawa, na hesabu ya pili ndiyo aliyoipigia mstari. Alitaka kujua bati moja inamgharimu kahawa kiasi gani mwaka huu, na ilimgharimu kiasi gani mwaka uliopita.

Wanauchumi huuita uhusiano huo uwiano wa bei za biashara ya nje, na njia yao ya kuupata haitofautiani sana na ya babu. Huchukua fahirisi, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda au kushuka kiasi gani, ya bidhaa ambazo nchi inauza nje, wakaigawa kwa fahirisi ya bei za bidhaa inazoagiza, kisha wakazidisha kwa 100. Mwaka uliochaguliwa kuwa mwaka wa kizio, yaani wa kulinganishia, hupewa namba 100. Uwiano ukipanda hadi 110, mzigo ule ule wa mauzo ya nje unarudi na shehena kubwa zaidi kwa asilimia 10. Ukishuka hadi 80, nchi imepoteza moja ya tano ya uwezo wake wa kununua, ingawa hakuna mkulima aliyeacha kulima wala mgodi uliofungwa. Jambo hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Nchi inaweza kufanya kazi ile ile kwa bidii ile ile, mvua ikanyesha kwa wakati, bandari ikapakia na kupakua usiku na mchana, na bado mwaka ukaisha ikiwa maskini kuliko ulivyoanza, kwa sababu ya jambo lililotokea Brazili, au Ghuba ya Uajemi, au ndani ya kiwanda cha kemikali huko Ulaya.

Mwalimu Julius Nyerere alilieleza jambo hili kwa mfano wa trekta, na sijapata kukutana na maelezo yaliyo wazi kuliko yake. Mwaka 1965 Tanzania iliweza kununua trekta moja kwa fedha za tani 17.25 za mkonge, lakini kufikia mwaka 1972 trekta ya aina ile ile ilihitaji tani 42. Ukiziweka namba hizo katika kanuni niliyoitaja hapo juu, ukaufanya mwaka 1965 kuwa mwaka wa kizio, utakuta kwamba uwiano wa mkonge kwa trekta ulishuka kutoka 100 hadi 41 ndani ya miaka saba. Mtu aliyekata majani ya mkonge Korogwe mwaka 1972 alihitaji kukata zaidi ya mara mbili ya yale aliyoyakata mwaka 1965 ili taifa lake lipate chombo kile kile. Hesabu hiyo inamweleza mkata mkonge mambo ambayo takwimu za uzalishaji pekee zisingemweleza.

Mkonge una historia inayostahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna takriban kila sababu inayoweza kuyumbisha bei za mauzo ya nje. Mmea huo uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ukitokea Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi yoyote duniani. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, nchi kubwa zilikimbilia kuweka akiba ya malighafi, na bei ya mkonge ikapaa kiasi ambacho wazee wa Muheza waliendelea kukisimulia kwa miongo kadhaa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ulikuwa ndio nguzo ya fedha za kigeni, na kufikia mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Wakati huo huo, hata hivyo, viwanda vya kemikali vilikuwa vimeanza kutengeneza kamba za nyuzi za plastiki zilizotokana na mafuta ya petroli, nyepesi, zisizooza, na zilizozidi kushuka bei kila teknolojia ilipoimarika. Mkulima wa Ulaya aliyekuwa akifunga nyasi za mifugo kwa kamba ya mkonge alipata kamba nyingine, na hakuwa na sababu ya kurudi. Katika miaka ya 1990 Tanzania ilizalisha chini ya moja ya saba ya kile ilichozalisha mwaka 1964. Mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yaliendeshwa vibaya kwa miaka mingi, jambo ambalo haifai kulificha, lakini naona si haki kuubebesha uendeshaji lawama yote, kwa sababu bei ilikwisha kuanza kuanguka kabla ya utaifishaji.

Zanzibar nayo ilipitia njia inayofanana na hiyo kwa karafuu. Kwa muda mrefu mnunuzi mkuu wa karafuu za Unguja na Pemba alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara wanazoziita kretek. Indonesia ikaamua kupanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980, mikarafuu hiyo ilipokomaa, soko la Zanzibar likaporomoka. Hapakuwa na ukame, wala ugonjwa, wala vita. Ni mnunuzi tu aliyejifunza kulima alichokuwa akikinunua.

Narudi kwenye kahawa, ambayo ndiyo niliyokulia. Ili kupata picha ya muda mrefu nilifanya zoezi dogo ambalo babu angelielewa bila kuelezwa: nilichukua gunia la kilo 60 la kahawa ya arabika, kwa bei za soko la dunia, nikauliza lingenunua mapipa mangapi ya mafuta ghafi. Nilichagua mafuta kwa sababu ndiyo bidhaa ambayo hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoweza kuacha kuiagiza, na kwa sababu bei yake imo ndani ya bei ya karibu kila kitu kingine, kuanzia nauli ya basi hadi mbolea. Mwaka 1972 gunia hilo lingenunua zaidi ya mapipa 20. Mwaka 1977 bado lingenunua zaidi ya mapipa 20, ingawa katikati ya miaka hiyo miwili dunia ilikuwa imepinduka. Mwaka 1981 lingenunua takriban mapipa matano. Mwaka 2001 lingenunua kati ya mapipa matatu na manne.

Kila namba katika hizo ina kisa chake. Oktoba 1973, wakati wa vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, wauzaji wa mafuta walipunguza uzalishaji, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Kwa nchi iliyokuwa ikiuza pamba, mkonge, kahawa, korosho na karafuu, pigo hilo lilikuwa zito, na lilikuja sambamba na ukame uliolazimisha nafaka nyingi kuagizwa kutoka nje. Kilichotuokoa kwa muda kilikuwa msiba wa watu wengine. Julai 1975 baridi kali iliyoandamana na sakitu iliteketeza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazili, na kwa kuwa mbuni mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, soko likabaki na upungufu hadi mwaka 1977, ambapo bei ilipita dola 3 kwa ratili (karibu nusu kilo). Katika daftari la babu ukurasa wa msimu huo umejaa. Aliezeka nyumba yote upya na kumpeleka shangazi yangu mkubwa shule ya bweni. Si neema yote iliyomfikia mkulima, maana kati ya soko la New York na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Kibosho palikuwa na kodi, makato na gharama za mamlaka za serikali zilizochukua nafasi ya vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976. Lakini kilichofika kilitosha kubadilisha maisha ya nyumba ile.

Taifa nalo lilijiona kuwa na fedha. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na akiba ya fedha za kigeni iliyokusanywa wakati wa bei nzuri ikayeyuka kwa kasi. Mwaka huo huo majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, vita vikaanza, na mwaka uliofuata mapinduzi ya Iran yakapandisha tena bei ya mafuta hadi kupita dola 30 kwa pipa, huku bei ya kahawa ikiwa imekwisha kushuka kutoka kilele chake. Hapo ndipo gunia lililokuwa likinunua mapipa 20 likabaki kununua matano. Watu wa rika la baba wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 hukumbuka foleni za sukari na sabuni, unga wa yanga (wa mahindi ya njano), na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Kumbukumbu hizo huzungumzwa kama habari za siasa, na siasa ilikuwamo kweli, pamoja na makosa makubwa ya sera. Lakini kila ninapolitazama daftari naona kwamba chini ya foleni zile palikuwa na ukweli wa hesabu: mzigo ule ule wa kahawa ulikuwa ukirudi na robo ya mafuta uliyokuwa ukirudi nayo miaka minne nyuma, na hakuna serikali ambayo ingeweza kuipita hali hiyo bila kuumiza watu.

Tangu mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa zimefunga mkataba wa kimataifa wa kugawana mgao wa mauzo ili bei isianguke kupita kiasi. Mgao huo uliposimamishwa Julai 1989, bei ilishuka karibu nusu kwa muda mfupi sana, na katika muongo uliofuata Vietnam, ambayo awali haikuwa muuzaji mkubwa, ilijaza soko kwa kahawa ya robusta. Kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa duni kiasi kwamba majirani zetu wengi waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao, wakapanda nyanya na ndizi au wakafuga ng'ombe wa maziwa. Babu alikuwa hai wakati huo. Hakung'oa, lakini kurasa za miaka ile zina mistari michache sana upande wa kulia.

Wapo walioona mapema kwamba mwelekeo huu haukuwa bahati mbaya ya nchi moja. Karibu na mwaka 1950 Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, Mjerumani aliyehamia Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hoja kwamba katika muda mrefu bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Sababu walizozitoa zinaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuuza zao sokoni. Mtu akizidi kupata kipato hanywi kahawa mara tatu zaidi. Hununua gari, friji na safari. Wafanyakazi wa viwandani wana vyama vyao, kwa hiyo tija ikiongezeka mshahara wao huongezeka, wakati ambapo wakulima mamilioni waliotawanyika, tija yao ikiongezeka, hushindana wao kwa wao na faida humwendea mnunuzi kwa njia ya bei ya chini. Prebisch alikuja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo kilichoundwa mwaka 1964, na kwa miaka mingi hoja yake iliongoza madai ya nchi zinazoendelea.

Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini nadhani tuliirithi kama imani badala ya kuitumia kama swali. Wapinzani wake walionyesha udhaifu wa kweli. Takwimu za awali zilitoka kwenye biashara ya Uingereza, ambako bei za bidhaa zilizoingia zilijumuisha gharama za meli, na meli za mvuke zilipopunguza nauli, bei hizo zilishuka hata pale mkulima wa mbali alipoendelea kupokea kile kile. Pia kuna suala la ubora. Kilo ya kahawa ya mwaka 1965 na kilo ya mwaka 2025 ni kitu kimoja, lakini trekta au redio ya miaka hiyo miwili si kitu kimoja, na anayelinganisha bei zake bila kurekebisha ubora hulivisha kosa sura ya unyonyaji.

Isitoshe, baada ya China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa mwaka 2001, gurudumu liligeuka kwa muongo mzima na zaidi. Viwanda vyake vilihitaji shaba, chuma, pamba na mafuta kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, hivyo bei za malighafi zikapanda. Na wakati huo huo bidhaa zake za viwandani zilifurika Kariakoo kwa bei ambazo hazikuwahi kuwezekana. Pikipiki ambayo zamani ilikuwa chombo cha bwana shamba au padri ikawa bodaboda ya kila kijiji. Simu ya mkononi ikamfikia bibi yangu kabla ya umeme. Huo nao ni uwiano wa bei za biashara ya nje, na safari hii ulikwenda upande wetu, ingawa sikumbuki mtu yeyote akiusherehekea kwa jina lake.

Tangu wakati huo hadithi ya Tanzania imekuwa hadithi ya dhahabu, na hapa ndipo nina neno la kusema ambalo silisikii likisemwa vya kutosha. Nimelifanya zoezi la mapipa kwa wakia moja ya dhahabu (takriban gramu 31), kwa bei za wastani wa mwaka. Mwaka 2001 wakia ilinunua takriban mapipa 11 ya mafuta. Mwaka 2020, wakati janga la korona lilipoangusha bei ya mafuta na kuwafanya wenye mitaji kukimbilia dhahabu, ilinunua zaidi ya mapipa 40. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilirudi hadi 18. Mwaka 2024 ilikaribia 30, na mwaka 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi na dola 4,000 mwezi Oktoba. Kwa kuwa dhahabu ndiyo bidhaa inayoongoza katika mauzo yetu ya nje, fahirisi ya bei za mauzo ya nchi nzima huifuata. Uwiano wa taifa unapanda, na taarifa inasomeka vizuri.

Lakini wastani huo si wa mtu yeyote. Sehemu ya ongezeko la bei ya dhahabu humwendea mwenye hisa aliye mbali, sehemu huingia serikalini kwa njia ya kodi, gawio na mrabaha, ambao mwaka 2017 ulipandishwa hadi asilimia 6 ya thamani ya dhahabu, na sehemu huwafikia wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na kwingineko. Mkulima wa mbaazi wa Babati hana dhahabu. Mwaka 2017 India, mnunuzi wake mkuu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ya kilo moja huku kwetu ikaanguka kutoka zaidi ya shilingi 2,000 hadi mamia machache. Mwaka uliofuata wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi waligomea bei za mnadani, hadi serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakatumwa kuzisomba. Uwiano wa mkulima wa mbaazi mwaka ule, yaani kilo zake kwa mfuko wa mbolea au kwa lita ya dizeli, ulivunjika kabisa, huku uwiano wa taifa, unaobebwa na dhahabu, ukiwa hauonyeshi jambo hilo.

Ndiyo maana ninaamini kwamba Tanzania, Kenya na jirani zetu wote wanapaswa kuchapisha, pamoja na fahirisi ya taifa, uwiano wa kila zao kuu dhidi ya vitu ambavyo mzalishaji wake hununua. Takwimu zenyewe zipo tayari. Bodi za mazao zinajua bei za minada, mamlaka ya nishati hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei za mbolea zinafuatiliwa, hasa tangu ruzuku ilipoanza kutolewa tena msimu wa 2022/23, baada ya mfuko wa kilo 50 kupita shilingi 100,000 mahali pengi. Kuziunganisha ni kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta kwa siku chache kila robo mwaka. Mkulima wa chai wa Kericho angeona kama mauzo ya mnada wa Mombasa yanakwenda sambamba na bei ya mbolea yake. Mchimbaji wa kobalti wa Kolwezi, Kongo, ambaye aliona bei ikianguka vibaya baada ya mwaka 2022, angeweza kuonyesha kwa hesabu kile ambacho sasa anakisema kwa malalamiko.

Kuna kosa moja la kawaida ambalo ningependa kulitaja kwa sababu nalisikia hata kwa watu waliosoma. Shilingi inaposhuka thamani, watu husema kwamba bei za mauzo yetu zimepanda, na kwa shilingi ni kweli. Mapema mwaka 1986 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17, na mwaka 2024 kuna wakati ilipita shilingi 2,700 kabla ya kushuka tena mwishoni mwa mwaka. Lakini kushuka kwa shilingi hupandisha bei ya kahawa tunayouza na bei ya dizeli tunayonunua kwa pamoja, kwa hiyo uwiano, ukihesabiwa vizuri, hautikisiki. Kinachobadilika ni mgawanyo wa ndani: anayeuza nje hupata nafuu dhidi ya mwenye mshahara na mwenye duka. Babu, kwa kupima kwa kilo, alikuwa amejiepusha na mtego huo pasipo mtu kumfundisha.

Namba rasmi nazo zina mitego yake. Mara nyingi bei huchukuliwa kwa kugawa thamani ya bidhaa zilizopita forodhani kwa uzito au idadi yake, kwa hiyo nchi ikianza kuagiza malori makubwa badala ya magari madogo, wastani hupanda ingawa hakuna bei iliyobadilika. Halafu kuna nauli. Bidhaa tunazouza huhesabiwa kwa thamani yake zikipakiwa melini, na tunazonunua huhesabiwa pamoja na nauli na bima hadi bandarini, hivyo gharama za makontena zilipopaa mwaka 2021, na meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023 kwa hofu ya mashambulizi, uwiano wetu uliumia hata pale kiwanda cha ng'ambo hakikuongeza bei yake. Kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, ambako mzigo hupanda tena lori kutoka Dar es Salaam au Mombasa, maumivu hayo ni makubwa zaidi.

Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, bei ambayo, kwa namba tupu ya dola, ilikuwa haijawahi kuonekana, kwa sababu ya ukame wa Brazili na akiba iliyopungua duniani. Vyombo vya habari viliiita rekodi. Nilipoiweka katika hesabu ya gunia nilipata takriban mapipa saba ya mafuta: mara mbili ya mwaka 2001, na chini sana ya yale mapipa 20 ya mwaka 1977. Dola ya mwaka 1977 ilikuwa na nguvu ambayo dola ya leo haina, na rekodi isiyosema hivyo haimsaidii anayeuza kahawa.

Nilimpigia simu baba kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nisubiri, na nikasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa. Alinisomea ukurasa wa babu wa msimu wa 1977, kisha wa 1981, polepole, bati kwa bati. Amebakiwa na mibuni ipatayo 200, mingi ikiwa ya aina mpya zinazostahimili ugonjwa wa chulebuni, na kwa miaka kadhaa alikuwa akisubiri hadi majaliwa yatoke ndipo anunue kitu kikubwa. Safari hii hakusubiri. Siku alipopokea malipo ya kwanza alishuka Moshi mjini na daladala ya asubuhi, akanunua bati za kuezeka jiko na banda la ng'ombe, akazipandisha mlimani kwa gari la kukodi kabla ya giza. Jioni alinitumia picha ya ukurasa mpya. Upande wa kulia ameandika idadi ya bati, na mbele yake bei kwa shilingi, kisha kwa kilo za kahawa, akaipigia mstari.